Bawaba na Taa ya Vifaranga

Jina la Bawaba alilipata shuleni, likamganda mpaka akawa mama wa watoto. Viwiko vyake vilikuwa vikinyooka, halafu vikiendelea kunyooka pale ambapo vya wenzake viligoma. Magoti yake yalirudi nyuma akisimama. Kidole gumba alikilaza juu ya kifundo cha mkono bila kukisukuma, na wakati wa mapumziko watoto walimzunguka na peremende mkononi, wakimwomba aonyeshe tena. Alionyesha. Nani asiyependa peremende? Mwalimu wa hesabu akapita, akatazama, akasema huyu hakuumbwa kwa mifupa, ameumbwa kwa bawaba za mlango. Tangu siku hiyo hata mama yake mzazi alikuwa akisahau kumwita jina lake.

Kitu ambacho watoto wale hawakukijua ni kwamba maonyesho yakiisha, Bawaba alirudi nyumbani akailalia mikono yake, akingoja maumivu yachoke yenyewe. Hakumwambia mtu. Alidhani ndivyo mikono ya watu wote ilivyo ikifika jioni.

Alipokua, viungo hivyohivyo vikampa riziki. Msusi ana mikono miwili kama watu wengine, lakini mistari midogo inataka mkono wa tatu: mmoja ugawe nywele, mmoja usuke, na mwingine uzuie zile zinazongoja zamu yao. Wasusi wengine huzuia kwa vibanio, au kwa meno, au humwambia mteja ajishikie mwenyewe. Bawaba alizuia kwa gumba. Alilikunja nyuma mpaka likagusa kifundo, likabana fungu la nywele huku vidole vingine vikiendelea na kazi kama havijui kinachotokea jirani. Mistari yake ilitoka midogo, imenyooka, na haikumvuta mtu ngozi hata akashindwa kufumba macho. Wanawake waliacha wasusi wa milangoni kwao wakamfuata. Wengine walikuja na watoto wao ili tu walione lile gumba.

Saluni ilikuwa chumba cha mbele katika nyumba ya wifi yake. Kulikuwa na viti viwili, kioo kilichopasuka pembeni na kubandikwa picha ya ua ili ufa usionekane, na dirisha lililotazama njia. Kiti cha dirishani kilikuwa cha Bawaba. Hapo palikuwa na mwanga mzuri, na aliyekaa hapo aliwaona wapita njia wote, tena akajua nani kavaa nini. Kiti cha ndani kilikuwa cha wifi mwenyewe, mwanamke mnene mwenye maneno ya kuutosha mtaa mzima, na mengine ya akiba.

Bawaba na mumewe walikutana palepale. Kaka wa mwenye saluni alikuwa mfugaji wa kuku, na watu walimwita Jogoo kwa kumcheka, maana katika wanaume wote wa mtaa ni yeye ambaye hakuwika. Domo zege hasa. Alikuwa akimletea dada yake trei la mayai, kisha anasimama mlangoni, anatazama kiti cha dirishani, anaondoka. Kesho yake analeta trei jingine. Mayai yakajaa kabatini, yakajaa chini ya kitanda.

"Kaka, nyumba inanuka mayai," dada yake alimwambia mbele ya wateja. "Sema unachokitaka."

Jogoo alitazama viatu vyake kwa muda mrefu.

"Nataka kujua kama yule naye anakula mayai," akasema.

Basi hiyo ndiyo ilikuwa posa. Wateja waliisimulia kwa miaka, na kila aliyeisimulia aliitia chumvi yake.

Walioana, wakajenga nyuma ya nyumba ya wifi, wakapata watoto wawili ambao sasa wamekua na wanajitegemea. Jogoo aliongeza mabanda. Alijua kulea vifaranga kuliko mtu yeyote mtaani, na njia yake ilikuwa ya kutazama tu. Vifaranga hawasemi, alikuwa akimweleza mkewe, kwa hiyo unatazama wanavyolala. Wakirundikana chini ya taa, wana baridi, ishushe. Wakikimbilia ukutani na kuachama midomo, wana joto, ipandishe. Wakitawanyika sawasawa kama mchele uliomwagwa kwenye sinia, basi wametulia, waache. Hiyo ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa.

Maumivu nayo yalikuwa yakikua pamoja na watoto. Kwanza yalikuwa ya jioni, kisha yakahamia mchana, kisha asubuhi Bawaba akawa anaamka na vidole vimekaza na bega limeteleza kidogo nje ya mahali pake. Alilirudisha mwenyewe akiwa bado kitandani, kama mtu anayefunga kabati lisilofungika vizuri, akaenda kazini. Dawa za maumivu zilimchoma tumbo. Hospitalini alizunguka mpaka akawafahamu wafagizi. Daktari mmoja alimwambia ni mawazo. Mwingine akasema ni uzito, na Bawaba alikuwa mwembamba kama fito. Wa tatu alimpiga picha za mifupa, akaziinua kwenye mwanga, akasema, "Mama, una mifupa mizuri sana," kwa sauti ya mtu anayeposa.

Wifi hakuwa mtu mbaya, ila naye alikuwa na macho, na macho yake yaliona mwili mzima usio na jeraha.

"Wifi yangu maajabu," aliwaambia wateja. "Ikija kazi ya kufua, viungo vinateguka. Ikija sahani ya chakula, vinarudi vyenyewe."

Watu walicheka, na Bawaba alicheka nao. Kicheko kile kilimuuma kuliko bega.

Hatimaye alikutana na daktari mzee ambaye hakuomba picha yoyote. Alimwambia anyooshe mkono, akakivuta kidole chake kidogo kwa nyuma taratibu, kikaenda, kikazidi kwenda. Akamtazama magoti. Akabana ngozi ya mkono wake, ikavutika kama ya mtoto wa paka. Kisha akavua miwani.

"Umeumwa muda mrefu," akasema. Hakuwa akiuliza.

Akamweleza kwamba ndani ya mwili kuna kamba na gundi zinazoshikanisha viungo, ngozi na kila kitu kingine, na kwamba za kwake zilitoka laini kupita kiasi tangu tumboni mwa mama yake. Zinavutika, haziachi kuvutika, na misuli inajiumiza kwa kufanya kazi yake na ya kamba pia. Hakuna dawa ya kuzibadilisha. Lakini maumivu yanaweza kupunguzwa. Bawaba alisikia maneno hayo, machozi yakamtoka, na daktari akadhani amemtisha. Hakumtisha. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwambia kwamba anaumwa.

Akapelekwa chumba cha mazoezi ya viungo, kwa mtaalamu mmoja wa kike, kijana, mwenye nywele nyingi alizozifunga kwa mpira nyuma. Huyo ndiye aliyemwekea taa. Ilikuwa bapa, ukubwa wa sinia, imejaa vitaa vidogo vyekundu, ikining'inia kwenye mkono wa chuma uliokunjika. Alimvalisha Bawaba miwani myeusi, akamwambia afunue bega na aweke mikono juu ya mto.

"Imewaka?" Bawaba aliuliza baada ya muda.

"Imewaka, mama."

"Mbona haichomi?"

"Haitakiwi kuchoma. Ukiona inachoma, niambie." Mtaalamu akaongeza, kwa kuwa hakupenda kumpa mtu matumaini ya bure, "Wapo inaowasaidia, na wapo wanaoniambia hawajaona kitu. Tutajaribu, na mazoezi hatuachi."

Jogoo alimsindikiza kila mara, lakini ndani hakuingia. Alikaa kwenye benchi la nje akiwa ameweka kofia gotini, akitazama mwanga mwekundu uliopenya chini ya mlango. Aliutazama vizuri sana. Mwanga ule aliufahamu.

Nafuu ilikuja kimyakimya. Asubuhi moja Bawaba alifungua kifuniko cha chupa ya mafuta ya nywele, na alipokuwa amekwisha kukifungua ndipo akakumbuka kwamba yeye hafungui vifuniko. Alisimama nacho mkononi. Wateja wawili walikuwa wanamtazama, naye akakifunga, akakifungua tena.

Wakati huohuo wifi alikuwa na lake. Shule zilikuwa karibu kufungwa, na zikifungwa kila mama huleta binti zake wasukwe. Alimwita Bawaba jikoni, akaanza kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

"Wifi, mimi sikufukuzi. Ujue hilo."

"Nalijua."

"Lakini mwaka jana wateja walikaa wakanuna, wewe umelala chumbani na bega lako. Kuna msichana anakitaka kiti cha dirishani. Ana mikono myepesi. Nimemwambia asubiri mpaka shule zifungwe. Ukiwa na nguvu, kiti chako. Usipokuwa nazo…" Akasuuza kikombe kilekile mara ya pili. "Utakuwa unakaa tu, unapiga soga na wateja. Wanakupenda."

Bawaba alisema sawa. Alirudi kwenye kiti chake, akatazama njia, na kwa mara ya kwanza hakuona mtu amevaa nini. Kukaa kupiga soga. Alijua hao wanaokaa kupiga soga kwenye saluni za watu: mwezi wa kwanza wanaulizwa hali, mwezi wa pili wanatumwa maji.

Basi akaipania ile taa. Hakukosa hata zamu moja. Kisha siku moja walifika hospitalini wakakuta karatasi mlangoni: mashine imeharibika, imepelekwa kutengenezwa, watu watajulishwa. Mtaalamu alimpa mazoezi ya kufanya nyumbani, akampa pole nyingi. Baridi ilikuwa imeanza. Baada ya siku chache tu vidole vya Bawaba vikaanza tena kukaza, na bega likarudia tabia yake.

Jogoo aliona hayo. Alimtazama mkewe anavyokaa: amejikunyata upande mmoja, mkono wa kulia ameuficha kwapani. Kwa macho yake, hapo hapakuwa na la kuuliza. Alitoka nyuma. Mchana ule, mvua ikinyesha, alirudi na taa ya vifaranga, ile kubwa nyekundu yenye kofia ya bati na mnyororo. Aliifuta vumbi kwa shati lake, akaitundika kwenye boriti juu ya kochi. Vifaranga wenyewe alikwisha kuwahamishia kwenye boksi kando ya jiko, nao walikuwa wakilalamika kwa sauti moja.

"Ni ileile," alisema.

"Baba watoto, ile ya hospitali ni bapa."

"Ya hospitali ni ya kisasa. Lakini rangi ni ileile. Nimeiona."

Alipima urefu kwa mkono wake, kuanzia kiwiko mpaka ncha ya kidole, kama afanyavyo bandani. Akamwambia mkewe alale, afunue bega na mkono.

"Nitakutazama," akasema.

Joto lilikuwa tamu. Mvua ilipiga bati, na Bawaba alijiona kama aliyerudi mgongoni kwa mama yake. Mara mtu akabisha hodi akitaka kuku, na Jogoo akatoka kwenda kumkamatia. Kuku wa kukamatwa kwenye mvua ana mbio zake, na mteja naye alikuwa mchaguzi. Bawaba aliona joto linazidi utamu. Akajiambia labda ndipo dawa inapoingia. Baadaye akaona wazi kwamba linamchoma, lakini akasikia wale vifaranga wanavyolia kwenye boksi, akamkumbuka mtu aliyewanyang'anya watoto wake taa ili ampe yeye. Akaona haya kusogea. Usingizi ukamchukua katikati ya haya hizo.

Jogoo aliporudi, maji yakimtiririka, alisimama mlangoni akanusa. Kisha alivuka chumba kwa hatua ambazo mkewe hakuwahi kuziona, akauvuta mnyororo.

Bega na mgongo wa kiganja cha kulia vilikuwa vyekundu kama nyanya, na malengelenge yalikwisha kuanza kujitokeza. Ngozi ya Bawaba haikuwa ya kuchezewa. Kidonda ambacho kwa mwingine ni alama, kwake kilikuwa safari.

"Mbona hukusogea?" Jogoo aliuliza.

"Niliona umejitahidi."

Alikaa kwenye kiti, maji yakimdondoka sakafuni.

"Kuku angesogea," akasema.

"Mimi si kuku."

"Ndiyo. Kuku angesogea."

Bawaba alitaka kucheka, akaona uso wa mumewe, akaacha. Jioni ile Jogoo alirudisha taa bandani, na aliporudi alikuwa amenyamaza kwa namna mpya. Ukimya wake wa kawaida ulikuwa kama chumba chenye mlango wazi. Huu ulifungwa kwa ndani.

Mashine iliporudi, wakaitwa. Njiani Bawaba alipanga atakavyosema.

"Nitasema ni mvuke wa sufuria," alimwambia mumewe. "Nilikuwa nafunua, ukanipiga."

Jogoo aliitikia kwa kichwa. Lakini mtaalamu alipoufungua mlango, Jogoo hakwenda kukaa kwenye benchi. Aliingia. Alisimama katikati ya chumba, kofia ameikunja mikononi kama kitambaa cha kuoshea vyombo.

"Daktari," akasema, "ni mimi. Nimemchoma mke wangu kwa taa ya vifaranga."

Mtaalamu alimtazama. Akautazama mkono wa Bawaba, akalitazama bega. Kisha akageuka kuelekea ukutani, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Samahani, baba," alisema alipopata sauti. "Samahani sana. Ulipima kwa kiwiko?"

"Kwa kiwiko."

"Anayefuga kwetu ni shangazi yangu." Akafuta macho. Halafu akawaketisha wote wawili, akamweleza Jogoo kwa heshima, bila kuharakisha. Taa ya vifaranga kazi yake ni joto. Hii ya hospitali haitoi joto la kutajwa. Kazi yake ni mwanga wenyewe, wa rangi maalumu na kipimo maalumu, unaopita ngozi na kutuliza kilicho chini. Akaiwasha, akamwambia aweke kiganja. Jogoo aliweka, akangoja, akatazama kiganja chake juu na chini.

"Kifaranga angekufa hapa," alisema.

"Angekufa," mtaalamu alikubali.

Lakini juu ya ngozi iliyoungua hakutaka kuiweka. Ipone kwanza, alisema, na kwa ngozi ya Bawaba kupona si leo wala kesho. Hapo ndipo Bawaba, aliyekuwa ametulia siku zote hizo, akaishiwa nguvu ya kutulia. Akasema shule zinafungwa. Akasema habari za kiti cha dirishani, na msichana mwenye mikono myepesi, na kutumwa maji. Alisema akitazama sakafu, na Jogoo kando yake alizidi kuinyonga kofia.

Mtaalamu alivuta kigoda, akakaa mbele ya Bawaba, akampa mgongo. Akafungua ule mpira, nywele zikamwagika.

"Hebu nisuke," akasema. "Nimekufundisha mazoezi muda wote huu, na sijawahi kuiona kazi yenyewe. Usikaze ukiumia. Baba, chukua simu yangu, piga video. Mikono, usipige nywele."

Jogoo aliishika simu kama yai lililopasuka. Bawaba alichukua chanuo la mkia, akachora njia ya kwanza. Vidole vilikuwa vizito lakini vilikumbuka. Gumba likaenda nyuma, likabana. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tano. Alisahau alipo, akamuuliza mteja wake kama ameolewa, na mteja akasema bado, na Bawaba akamwambia asiwe na haraka, wenye maneno mengi si wote wana mayai. Nusu ya kichwa ilikuwa imekamilika mlango ulipogongwa na mgonjwa aliyefuata.

Mtaalamu aliichukua simu, akaitazama video akiwa amesimama. Akairudisha nyuma. Akaitazama tena, na uso wake ukaacha kucheka.

"Mama, hili gumba unalifanya hivi tangu lini?"

"Tangu nianze kazi."

"Kwa kila fungu?"

"Kwa kila fungu."

"Basi ndilo hili. Linavuta kifundo, kifundo kinavuta kiwiko, mpaka begani. Mimi nayatuliza maumivu hapa wiki nzima, wewe unakwenda kuyaanzisha upya kila unaposuka. Suka, mama, sikukatazi. Lakini gumba hili liache. Tumia vibanio."

Bawaba aliusikia uso wake ukipata moto kuliko chini ya taa ya vifaranga.

"Vibanio ni vya wanaojifunza," alisema. "Watu wanakuja kwa ajili ya hili gumba. Bila hili mimi ni nani? Ni msusi kama wasusi wengine."

Mgonjwa wa nje aligonga tena. Kisha Jogoo akakohoa.

"Mimi yale mayai sikuyaleta kwa ajili ya gumba," alisema.

Alilisema hilo akitazama viatu vyake, na masikio yake yakawa mekundu. Mtaalamu ghafla akapata kazi ya kupanga taulo. Bawaba alimtazama mumewe, akaona mlango ule uliofungwa kwa ndani umefunguka, na mwenyewe amesimama kizingitini, hajui aende wapi.

"Twende nyumbani," akamwambia taratibu.

"Na kichwa changu?" mtaalamu aliuliza. Upande mmoja alikuwa bibi harusi, upande mwingine alikuwa mtu aliyeponea moto. Alitoa mtandio kwenye mkoba, akajifunga. "Jumamosi nakuja saluni. Utamalizia upande huu kwa vibanio. Tuone."

Jumamosi saluni ilikuwa imejaa, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa jana yake. Msichana mwenye mikono myepesi naye alikuwepo, ameketi pembeni na chanuo lake jipya mapajani. Mtaalamu alipovua mtandio, wifi alishika kiuno.

"Dada, ni nani kakufanyia hivi akakuacha njiani?"

"Wifi yako."

"Wifi yangu?" Akageuka. "Wewe siku hizi unasuka watu hospitalini, na hapa unasema unaumwa?"

"Niliumwa nikiwa nasuka," Bawaba alisema. "Kaa, utazame."

Alimweka mteja chini kidogo kuliko kawaida ili mabega yake yasinyanyuke. Chini ya kiwiko aliweka mto. Kiganja kilikuwa kimefungwa kitambaa laini juu ya ngozi mpya. Kisha akafungua pakiti ya vibanio mbele ya watu wote, na wateja wa siku zote wakanyamaza, kama wameona mtu waliyemzoea amevaa nguo ya mwenzake.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Gumba lilitaka kwenda. Kila fungu la nywele lilipopatikana, gumba lilianza safari yake ya nyuma lenyewe, na Bawaba alilirudisha kama anavyorudishwa ng'ombe aliyezoea shamba la watu. Kibanio kimoja kiliruka kikaanguka kwenye chai ya mtu. Mstari wa kwanza aliufumua. Wa pili aliufumua. Wifi alikuwa na mteja wake mwenyewe lakini hakumsuka; alisimama na rasta mkononi akitazama. Wa tatu Bawaba aliuacha.

Alipumzika alipoagizwa kupumzika, akanyoosha vidole bila kuvipitisha mahali pake. Chai ilichemshwa tena. Watu walizungumza mpaka wakamaliza habari zao, wakaanza za majirani. Mchana ulikuwa umepinda alipokirudisha kibanio cha mwisho kwenye pakiti.

Wifi alisogea. Alimgeuza mtaalamu kichwa kulia, akamgeuza kushoto, akapitisha mkia wa chanuo katikati ya njia.

"Upande huu ni wa gumba," alisema.

"Ndiyo."

"Na huu ni wa vibanio. Mistari ni minene kidogo."

"Minene kidogo."

"Lakini imenyooka." Akavuta mmoja kwa ukucha. "Haivuti. Ila wifi, umechelewa. Nimezeeka hapa nikikungoja."

"Nitakuwa nachelewa, wifi. Sitarudi kuwa kama zamani. Ukitaka wa haraka, yule pale ana mikono myepesi, na mimi sitanuna." Bawaba aliyasema hayo akiwa amekitazama kiti, akashangaa kwamba sauti haikumtetemeka. "Lakini hii ndiyo kazi yangu ninayoiweza, na nitaiweza kesho pia. Mkono hauniumi kuliko nilivyoamka nao."

Wifi alimtazama mkono. Alimtazama hasa, kama hakuwahi kuuona. Kisha akamtazama mtaalamu, ambaye alikuwa bado anajigeuza kwenye kioo.

"Kumbe kweli anaumwa?" aliuliza kwa sauti ndogo, ambayo kwake ilisikika mpaka njiani.

"Tangu azaliwe," mtaalamu alisema.

Wifi akarudi kwa mteja wake, akamgawa nywele kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Asubuhi kiti ni chako," alisema bila kugeuka. "Mchana akae huyu binti, na wewe ukalale. Wanaotaka haraka waje mchana. Wenye maneno mengi waje asubuhi, wayamalize. Na nani kaacha kibanio kwenye kikombe changu?"

Nyuma ya nyumba Jogoo alikuwa amekaa juu ya gogo bandani. Bawaba alikuja akaegemea nguzo kando yake. Taa kubwa nyekundu ilikuwa imerudi mahali pake, na chini yake vifaranga walilala wametawanyika juu ya maranda, hakuna aliyemlalia mwenzake.

"Wametulia," alisema Bawaba.

Jogoo aliitikia. Kisha akainua macho, akamtazama mkewe anavyosimama: bega limeshuka, mkono wa kulia uko nje, unaning'inia tu, haujafichwa popote. Alimtazama kwa muda, taratibu, kama afanyavyo.

"Asubuhi ni yangu," Bawaba alimwambia. "Mchana ni wa yule msichana."

"Nimeona," alisema Jogoo, ambaye hakuwa ameambiwa na mtu. Akasogea kwenye gogo alilokalia, akampa nafasi, na Bawaba akakaa.

"Nje ya taa," alimwambia.

"Nje kabisa," alisema Jogoo, akasogea tena.